Muulize Fundi: antivairasi inakula mashine mchana kweupe

SWALI: Fundi shikamoo. Nina stationery Morogoro, kompyuta ya mezani, Windows 10, RAM 4GB, hard disk ile ya kizamani. Kila siku mida ya saa 5 asubuhi wateja wamejaa, mashine inakuwa nzito, feni inalia, Word haifunguki, mtu kaja kuprinti CV amesimama tu ananitolea macho. Nikifungua Task Manager (pale panapoonyesha programu gani inakula mashine) naona Antimalware Service Executable iko juu kabisa, CPU (ubongo wa kompyuta) yake, diski yake. Kijana wa duka la jirani anasema niizime moja kwa moja nisahau habari zake. Nizime?
Dada wa Stationery, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usizime, tena wewe ndo usithubutu. Stationery ndo flashi za mji mzima zinapokutania, unazijua zile mteja akichomeka folda zote zimegeuka shotikati na folda zenyewe zimefichwa, sasa ukiwa huna ulinzi wote wanaokuja kuprinti utawagawia vairasi. Halafu hata ukizima Real-time protection kule Windows Security, baada ya muda inajiwasha yenyewe, utazima mpaka lini?

Hiyo unayoiona ni Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe. Ina kazi mbili, kukagua faili kila linapofunguliwa (hapo usiguse) na kuskani mashine kwa ratiba. Inayokutesa nahisi ni hii ya pili. Windows ina saa yake ya matengenezo, kawaida saa 8 usiku, ila saa hizo wewe umeshazima mpaka swichi ya ukutani, kwa hiyo ukiwasha asubuhi inavizia mashine itulie, umeenda kwenye fotokopi kidogo tu tayari imeanza, ukirudi unaikuta katikati ya kazi.

Ipangie saa yako. Fungua Task Scheduler (programu ya Windows ya kupanga ratiba), ingia Microsoft, Windows, kisha Windows Defender, utaona Windows Defender Scheduled Scan. Ibofye mara mbili, nenda Triggers, weka mara moja kwa wiki, saa ambayo mashine imewaka ila wateja hamna, mfano Jumapili mchana kama unafungua.

Halafu ibane mkono. Bofya kulia kwenye Start, chagua Windows PowerShell (Admin), ni dirisha la kuandikia amri, andika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Ya kiwandani ni 50, yani skani inaruhusiwa wastani wa nusu ya CPU. Wengi wanaishia hapo halafu wanalalamika haijasaidia kitu, kumbe mashine ikiwa imetulia skani ya ratiba haiijali hiyo namba mpaka uongeze hii:

Set-MpPreference -DisableCpuThrottleOnIdleScan $false

Skani itachukua muda mrefu zaidi, ila we utakuwa unaprinti. Ujue tu hiyo 20 ni ya CPU, diski haiizuii, na kwako diski ndo mgonjwa mkubwa. Ukipata hela weka SSD (diski ya kisasa, ina kasi kuliko hiyo ya kizamani) kabla hujafikiria kitu kingine chochote.

Kuna sehemu ya Exclusions pia, ya kuiambia iruke folda fulani. Usiweke Downloads wala drive C nzima humo, nimeona watu wanafanya hivyo na mimi sielewi wanabaki wanalinda nini. Na flashi za wateja, skani ya ratiba kwa kawaida haizipitii, kwa hiyo ikichomekwa bofya kulia uchague Scan with Microsoft Defender kabla hujafungua kitu.

SWALI: Nimeweka antivairasi nyingine ya bure juu ya Defender, sasa ziko mbili, hazitagombana?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ukiweka nyingine inayotambulika na Windows, Defender inajiweka pembeni yenyewe, kwa hiyo vita hamna. Ugomvi unakuja ukiweka mbili za nje kwa pamoja, hapo kila faili linakaguliwa na wawili na mashine inaganda. Ukija kuitoa hiyo ya bure pitia Settings uiondoe vizuri, usifute folda tu, kisha ristati ufungue Windows Security uhakikishe Defender imerudi kazini.