Chambo cha perege, Bwawa la Igombe

Mdogo wangu, umesema perege wa Igombe wanamaliza nyungunyungu wako na ndoana inarudi tupu. Hapo tatizo ni ukubwa wa ndoana na chambo. Perege ana mdomo mdogo na hamezi kwa pupa. Anadonoa pembeni mpaka chambo kinaisha. Tafuta ndoana ndogo, namba 10 au 12, kisha kata nyungunyungu kipande kifupi cha kufunika ncha tu, kisiwe na mkia wa kuning'inia.

Mimi napenda zaidi ugali. Usonge mgumu kuliko wa kula, uache upoe, halafu ukande na asali kidogo (Tabora hatuna kisingizio cha kukosa asali) mpaka usinate vidoleni. Viringisha vidonge vya ukubwa wa punje ya njegere. Vikiyeyuka mapema, ongeza unga wa ngano, ndio unaoshika. Mwaga konzi moja ya pumba palepale unapovulia, si zaidi. Wakishiba hawagusi kitu.

Usiku achana na ugali, vua kambale. Kambale anatafuta kwa harufu na zile sharubu zake, kwa hiyo mpe utumbo wa kuku uliolala, kwenye ndoana kubwa, ukae chini kabisa.