Kambale na Mvua za Kwanza

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesoma kwamba huko Marekani yupo samaki wa maji baridi aitwaye besi mweupe, ambaye wavuvi wa ndoano humvizia kila majira ya kuchipua anapopanda mitoni. Je, sisi tulio jirani na Ziwa Rutamba tuna msimu wa namna hiyo, na ndoano niitupe wapi? – Msomaji, Lindi.

JIBU: Ndugu msomaji, msimu huo tunao, ila kinachouanzisha huku ni mvua. Besi mweupe huishi zaidi ziwani, na baada ya miezi ya baridi kali, maji yanapofikia kiasi cha nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi, hupanda mtoni kwa makundi, madume wakitangulia, hutaga juu ya changarawe kisha huyaacha mayai bila mlinzi. Mikoa ya Lindi na Mtwara haina baridi ya namna hiyo. Ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mvua kubwa za mwanzo zinapofurikisha nyasi za kandokando, kambale hutoka usiku kwenda kutaga humo. Mayai yake hunata kwenye majani na huanguliwa kwa muda wa siku moja hadi mbili tu, maji yakiwa na joto la kutosha.

Ningekusihi sana usimvue katika siku hizo za kwanza. Kambale aliyejaa mayai kwenye maji ya kina cha goti hukamatwa hata kwa panga, na wengi hujivunia windo hilo, lakini kila jike anayeuawa kabla ya kutaga huondoka na maelfu ya mayai. Subiri watage, kisha tega pale maji ya mafuriko yanaporudi ziwani au mtoni, kwa maana vijito hivyo hubeba wadudu na vidagaa, na kambale hukaa pale vinapoingilia akila.

Chambo kiwe nyungunyungu au utumbo wa kuku, na chubwi liwe zito kiasi cha kukilaza chini kabisa, kwa kuwa kambale hutafuta chakula kwa sharubu zake nane zaidi kuliko kwa macho. Akianza kugusa, mshipi hutikisika kidogo kidogo, usivute. Mwache mpaka mshipi ukazike na kuanza kwenda upande mmoja, ndipo uvute kwa nguvu moja. Unapomshika, jihadhari na miiba migumu ya mapezi ya kifuani, na usidhani amekufa kwa sababu ametulia: anaweza kuvuta hewa, hivyo hukaa hai nchi kavu kwa saa nyingi.

Perege mtafute kiangazi, maji yakiwa yametulia, kwa ndoano ndogo yenye tonge la ugali. Ukiona vishimo vya mviringo kwenye mchanga, hapo ni mazalio yao, basi sogea mbali, maana majike hubeba mayai na watoto mdomoni.

Utupa, mmea wa sumu ya samaki, usiutumie kamwe, kwani Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Leseni ulizia halmashauri yako. Na ukienda Mto Ruvuma, vua mchana, mbali na ukingo wa maji, kwa sababu mamba wapo.