Kabla hujaongeza chumba, angalia upepo unapita wapi

Nyumba ya Dar haimtoshi mwenye nyumba hata siku moja. Unajenga vyumba vitatu ukijua umemaliza, mara mdogo wako kapata chuo anataka pa kulala, mara bibi analetwa kutibiwa Muhimbili na hawezi kurudi mkoani leo wala kesho, mara watoto wa kike na wa kiume wamefika umri wa kutengana vyumba. Kiwanja kingine bei haishikiki. Jicho linageukia uani: hapa si panaingia viwili?

Panaingia. Sisi kwetu Tabata tumeongeza kwa awamu, kibaraza kwanza, uani baadaye. Niliyoyaona kwetu na kwa majirani yamenifundisha kwamba kila nafasi unayoongeza inakula hewa ya nyumba uliyonayo. Gharama ya tofali na saruji kila mtu anaipigia hesabu. Hewa watu huikumbuka Januari, usiku, umeme umekatika na feni imesimama.

Nianze na kibaraza kwa sababu ndicho rahisi kuliko vyote: sakafu ipo, paa lipo, unapandisha ukuta tu. Ila angalia madirisha yanayofungukia hapo. Ukishaziba kibaraza, dirisha la chumba cha kulala linakuwa linachungulia sebuleni, na chumba hicho kimekosa mwanga na upepo kwa pamoja. Kwetu ukuta tuliuishia kifuani. Juu yake grili na wavu wa mbu, na upande mmoja tofali za matundu kutoka chini hadi juu. Fundi alinung'unika kwamba nyumba itaonekana haijaisha. Na ionekane hivyo, sisi tunalala.

Kabla ya kuamua upande wa kuziba, simama pale kibarazani jioni ukiwa umeshika ncha ya kanga juu, uone inapeperukia wapi. Halafu ukumbuke kwamba upepo wa pwani una misimu. Kusi inavuma katikati ya mwaka ikitokea kusini, kaskazi inashika kuanzia kama Desemba hadi Machi ikitokea kaskazini mashariki. Ukuta usiokukera Julai unaweza kukunyima usingizi Februari. Ndiyo maana kila chumba kipya nakitaka kiwe na madirisha kwenye kuta mbili, hata kama moja ni dogo.

Vyumba vya uani vilivyojitenga na nyumba kubwa ndivyo ninavyovipenda. Nyumba ya zamani haiguswi, kijana anapata uhuru wake, na siku akiondoka unaweza kupangisha. Chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili kinabeba kitanda cha tano kwa sita, kabati na meza, na mtu anapita bila kukaa upande. Chini ya hapo unajenga stoo.

Tatizo la uani ni majitaka. Watu wanachora vyumba, wanachora choo, karo la majitaka linabaki lile lile. Karo lilichimbwa kwa familia moja, sasa linapokea vyoo vitatu na bafu la mpangaji. Jirani yangu mmoja alijenga hadi juu ya mfuniko. Karo lilipojaa, gari la kunyonya likafika getini, mpira ukapita sebuleni, na mfuniko ukatafutwa chini ya vigae. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, weka alama pale karo na chemba zilipo, uache njia ya mpira kutoka getini.

Ukiamua kuunganisha na nyumba kubwa, pambano liko kwenye paa. Bati jipya linaingia chini ya la zamani, lisikae juu, la sivyo masika yote mtakinga ndoo. Lakini mteremko ukiendelea kushuka kutoka pale, ukuta wa nyuma unaishia chini mno na chumba kinageuka tanuri. Kama nyumba yako si ndefu, heri paa la chumba kipya lijitegemee. Na msingi mpya utatitia kidogo kwa namna yake, hasa penye mfinyanzi, kwa hiyo ufa kati ya ukuta wa zamani na mpya ni jambo la kutarajia. Mwambie fundi aache kiungo cha makusudi pale, kizibwe kwa kitu kinachonyumbulika, badala ya kupiga lipu juu kwa juu akaondoka.

Kwa wenzetu Uingereza, darini panageuzwa chumba cha kulala, na Marekani wanatengeneza hata chini ya nyumba. Hapa dari iko chini ya bati la jua la saa nane mchana. Waachie popo.

Kupandisha ghorofa juu ya nyumba isiyo na nguzo za zege tangu mwanzo sitalijadili sana. Novemba 16, 2024 jengo liliporomoka Kariakoo na mji mzima ukaona watu wakitolewa chini ya kifusi. Muite mhandisi aliyesajiliwa, akague msingi na nguzo, akisema hapana basi ni hapana. Fremu za maduka mbele ya nyumba nazo zinalipa, ila pima kwanza hifadhi ya barabara inaishia wapi. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 hawahitaji kuelezwa.

Kibali kinatoka halmashauri, ya jiji au ya manispaa, na mwenyekiti wa mtaa kukubali kwa mdomo si kibali. Zungumza pia na jirani wa ukuta mmoja, umwonyeshe maji ya bati lako yataelekea wapi. Weka gata, ingiza kwenye simtanki. Anza Juni masika yakishakatika, hakikisha umeezeka kabla ya vuli ya Oktoba. Na kama chumba ni cha kupangisha, omba mita ya pili mapema wakati waya bado haujafukiwa ukutani, maana LUKU moja kwa kaya mbili ni ugomvi wa kila wiki.