Kwa mnaoanza kusoma historia ya afya ya umma Uingereza

Wengi huingia katika somo hili na hadithi iliyonyooka: viwanda vilileta msongamano, msongamano ukaleta kipindupindu, wanasayansi wakagundua vijidudu, serikali ikajenga mitaro. Iacheni mapema. Wanafunzi wangu walioing'ang'ania ndio waliokwama walipoulizwa kwa nini mabadiliko yalichelewa hivyo.

Zipangeni tarehe muone. Kipindupindu kilifika Sunderland, mji wa bandari wa Uingereza, mwaka 1831. Robert Koch alikibaini kijidudu chake katika miaka ya 1880. Katikati hapo, London ilikuwa imeshajenga mitaro yake mikuu chini ya mhandisi Joseph Bazalgette, baada ya uvundo wa mto Thames wa mwaka 1858 kuwafikia wabunge wenyewe. Wengi waliounga mkono ujenzi huo waliamini kwamba harufu mbaya ndiyo inayoambukiza. Walikosea, lakini mitaro ilifaa, kwa kuwa ilitenganisha kinyesi na maji ya kunywa. Imani hiyohiyo ilikuwa imeleta maafa mwaka 1849, pale uchafu wa mashimo ya vyoo ulipokuwa ukisukumwa mtoni ili kuondoa harufu, na watu wakiendelea kunywa maji ya mto huo. Mkiona sera imefanikiwa, msidhani moja kwa moja kwamba walioibuni waliuelewa ugonjwa.

Takwimu nazo zisomeni polepole. Ripoti ya mwaka 1842 ya Edwin Chadwick, ofisa wa serikali aliyechunguza hali ya usafi, inaonyesha wastani wa umri wa kufa wa vibarua wa Manchester, mji wa viwanda, kuwa miaka 17, na wa vibarua wa Rutland, eneo la mashambani, kuwa 38. Kila mwaka mwanafunzi fulani huandika kwamba vibarua wa Manchester walikuwa wakifa ujanani. Sivyo. Wastani ulishushwa na watoto wachanga waliokufa kwa wingi. Aliyevuka utoto aliweza kuishi miaka mingi zaidi ya hiyo. Ukilielewa hilo, macho yako yatatoka kiwandani kidogo na kuelekea kwenye chumba cha kupanga, maziwa na maji.

Sehemu ninayoiona nzito kuliko zote ni pesa. Sheria ya Afya ya Umma ya 1848 iliruhusu miji kuunda bodi za afya. Kulazimisha, ililazimisha pale tu vifo vilipozidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Gharama ilibebwa na walipa kodi za majengo, na haohao ndio waliochagua madiwani. Mwenye nyumba za kupangisha angepigiaje kura bomba litakalompandishia kodi hiyo ya majengo? Mwaka 1867 wafanyakazi wengi wa mijini walipata kura, na sheria ya 1875 ikazibana mamlaka za miji kusimamia maji, mitaro na usafi. Si sababu pekee, ila mimi naipa uzito mkubwa.

Pampu ya John Snow ya mwaka 1854 mtaisikia kila mahali: daktari huyo wa London alihusisha mlipuko wa kipindupindu na maji ya pampu moja ya mtaani, na mpini wake ukaondolewa ili watu wasiitumie. Isomeni, lakini mkumbuke kwamba mlipuko ulikuwa umeanza kupungua kabla mpini haujaondolewa. Snow mwenyewe alikiri hilo.

Mkishapata picha ya nchi nzima, chagueni mji mmoja na kuufuatilia. Liverpool unafaa kuanzia: ulipata sheria yake ya usafi mwaka 1846, ukamteua William Duncan kuwa ofisa wa afya mwaka 1847, kabla Bunge halijapitisha sheria ya nchi nzima.