Usitobolewe kifundo cha mguu kabla hujajua kidonda kina milimita ngapi

Mkuu ahirisha hiyo operesheni ya Jumatatu, hayo uliyouliza ya bei na lini utapanda pikipiki tutaongea baadae. Umesema eksirei imetoka safi, kifundo kinavimba kila ukitoka mpirani, na dokta kasema ataingiza kamera, atoboe toboe mfupa, gegedu (ule utando mlaini unaofunika mfupa kwenye kiungo) liote lenyewe. Mimi niliimbiwa wimbo huo huo!! Na mimi nilikuwa na eksirei tu mkononi, wakati majeraha ya gegedu la talasi, ule mfupa wa ndani ya kifundo, eksirei inayakosa mengi sana.

Sasa sikia, kutoboa ni kwa kidonda kidogo cha gegedu. Zamani walikuwa wanaruhusu mpaka upana wa milimita 15, siku hizi wengi wanataka kisizidi kama 10, maana kinachoota pale sio gegedu lenyewe, ni kovu tu, halina uimara ule. Changu kilikuwa kikubwa na chini yake mfupa una uvimbe wa maji, yaani ni kumwaga kokoto kwenye shimo la barabara huku bomba limepasuka chini. Yule bwana hakupima, akatoboa, akafunga, akaniambia "utacheza ligi". Ligi ya bao labda. Nikasota na magongo, hela ya kiwanja ikaishia kwenye bili, na maumivu yakarudi yale yale, nikishuka daladala konda ananiambia shuka taratibu mzee wangu, na sijafika hata 40.

Daktari wa pili ndo akadai MRI (picha ya sumaku) na siti skani, akaangalia akaguna. Ikabidi wachukue vipande vya mfupa na gegedu lake gotini, wavipachike kwenye kifundo, na ili wapafikie wakakata ile nundu ya mfupa upande wa ndani wa kifundo kisha wakairudisha kwa skrubu. Kifundo kina nafuu, ila goti ambalo halikuwa na kesi na mtu sasa linaniuma nikichuchumaa, na choo chetu ni cha kuchuchumaa, we cheka tu.

Halafu kama kifundo chako kinateguka teguka, uliza ligamenti (kamba zinazoshikilia mifupa) zitakazwa siku hiyo hiyo au vipi, zikiachwa zimelegea hilo gegedu linasagwa upya.

Kwa hiyo rudi kwake umuulize kitu kimoja, milimita ngapi na picha iko wapi. Akianza kukuonyesha kwa vidole "kadogo hivi", vaa kiatu.