Kwa wanaoanza nyimbo za fidla za Ayalandi kwenye ukulele

Jamani, ni yaleyale kila mara. Noti zote zimeshikwa, freti (vyuma vya shingoni) hazikosewi, lakini jigi yenyewe, ule wimbo wa dansi wa tatu-tatu, haichezeki. Someni hapa kabla ya kupakua tabo (maandishi ya namba za freti) nyingine.

1. Fidla inashuka hadi G iliyo chini ya C ya kati. Ukulele yenye uzi wa G wa juu inakomea kwenye hiyo C. Chagueni nyimbo ambazo watu wa filimbi nao wanazipiga: kwenye maandishi hazishuki chini ya D, ambayo ni freti ya 2 ya uzi wa C. Juu nyingi zinaishia B, freti ya 14 ya uzi wa A. Soprano, yaani ukulele ndogo, ya freti 12 haifiki huko, kwa hiyo hesabu freti kabla hujalipa.

2. Ukitaka nyuzi ziwe G, D, A na E kama fidla, nunua seti ya nyuzi iliyotengenezwa kwa tyuni hiyo. Anayekaza uzi wa kawaida wa A hadi E anaupandisha nusutoni saba, halafu anashangaa umekatika.

3. Sasa mkono wa kulia, ambao ndio unaoharibu karibu kila kitu. Jigi ina noti sita kwa bari (kipimo kimoja cha mdundo), tatu na tatu. Mnapiga chini-juu-chini-juu-chini-juu kwa sababu ndivyo mlivyozoea kwenye rili, dansi ya noti nne-nne, na kwenye rili ni sawa kabisa. Kwenye jigi piki, kile kipande cha kuchapia nyuzi, inakwenda chini-juu-chini, chini-juu-chini. Ndiyo, chini mara mbili mfululizo, na mwanzoni inakera.

Chukua bari ya tatu ya jigi iitwayo The Kesh: E D D, G D D. Zote ziko uzi wa A: E freti ya 7, D ya 5, G ya 10. Kidole cha shahada kikae freti ya 5, kidole cha mwisho kiende kuifuata ile 10. Kwa mtindo wa rili, G inaangukia pigo la juu, ambalo kwa wengi wenu ni dhaifu, wakati G ndiyo inayoanza kundi la pili. Msikilizaji anahesabu mbili-mbili badala ya tatu-tatu, na mchezaji dansi hajui aweke mguu wapi. Kuongeza kasi hakuponyi. Kunaficha tu, tena kwa muda mfupi. Zima nyuzi kwa mkono wa kushoto, piga mfuatano huo mtupu kwa metronomu, kila tiki kundi moja, 60 kwa dakika. Ukiweza kuongea huku mkono unaendelea, rudisha noti.

4. Roli ya fidla, yaani pambo la noti za haraka kuizunguka noti moja, inategemea upinde kuishikilia sauti. Nailoni inakufa mapema, noti za mwisho hazisikiki. Fanyeni kama watu wa banjo: kwenye G ndefu inayofungua The Kesh, piga moja, ya pili igawe mara mbili, kisha moja. Yaani chini, chini-juu, chini.

5. Sehemu A mara mbili, B mara mbili, bari nane kila moja. Kwa kawaida wimbo unarudiwa mara tatu, kisha unafuata mwingine bila kusimama. Kwenye kikao cha kupiga muziki pamoja, kama mpiga gitaa yupo, wewe na kodi zako (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tulieni kwanza. Kodi mbili tofauti kwenye bari moja zinamchanganya hata mwenye fidla.