Fundi Tuambie: Phoenix ya babu, rangi inayobanduka na picha zinazopinda

Msimu wa mashindano ya kujiundia baiskeli umerudi na barua zimejaa, kila mtu ana fremu yake uani anataka aitengeneze, apige picha ilivyokuwa, ikiwa vipande na ikishakamilika, atume watu wapige kura. Safi kabisa. Waliouliza "fundi nitashinda?" nimewaacha, mi sio mganga. Hizi hapa zilizokuwa na swali lenyewe.

Shikamoo fundi. Babu kaniachia baiskeli ya Phoenix inchi 28, ile ya breki za vyuma sio za waya. Rangi nyeusi imechakaa, madigadi yana kutu kidogo ila ipo kamili na inatembea. Mpango wangu niipige bluu ya kung'aa, niweke ringi za mountain inchi 26 na gia saba. Mshkaji wangu anasema ntaiharibu. Nani yuko sahihi? – Mjukuu, Tanga

Marahaba mjukuu. Mshkaji wako ana akili, mnunulie chai.

Tuanze na ringi maana hapo ndo watu wengi wanapotupa hela. Chuchumaa usome ubavuni mwa tairi la Phoenix, utakuta 28 x 1 1/2 na pengine pembeni yake 40-635. Hiyo 635 ndo ya kukariri, ni kipenyo kwa milimita pale tairi linapokaa kwenye ringi. Mountain ya inchi 26 ni 559. Toa utapata 76, gawa kwa mbili maana gurudumu linapungua juu na chini, unabaki na 38, yaani raba zako za breki zitakuwa zinaelea hewani karibu sentimita 4 kutoka pale zinapotakiwa kugusa. Na hata ungezisogeza bado haisaidii, kwa sababu breki za vyuma hazibani ringi ubavuni, zinavuta raba juu ziguse ule uso wa ringi unaotazama habu (kile kitovu cha gurudumu), na ringi ya Phoenix imekunjwa makusudi iwe na njia ya raba kila upande wa spoku. Ya mountain hapo haina njia ya raba. Kwahiyo ukibadilisha ringi umebaki bila breki, afu fremu nayo inashuka, hata ukivalisha tairi nene la inchi 2.1 pedeli zinakaa chini zaidi kwa kama sentimita mbili na nusu, kona ya kwanza tu ukiwa unakanyaga pedeli inachana lami.

Na tahadhari nyingine hapo hapo: dukani ukisema "nipe tairi la 28" unaweza kupewa la 622, yale ya baiskeli za mbio na za Kizungu za mtumba, nayo yanaandikwa 28. Halitaingia, na muuzaji atakwambia lipige piga litaingia. Usilipige. Soma namba.

Kuhusu gia, kama kweli unazitaka kuna njia ya kistaarabu, tafuta habu yenye gia ndani yake, Sturmey-Archer ya gia 3 au Shimano Nexus ya gia 3, zinakuja kwenye baiskeli za mtumba kutoka Ulaya na Japani. Kwenye hiyo Sturmey ya kawaida gia ya kati ni sawa na ulivyozoea, ya chini inapunguza robo, ya juu inaongeza theluthi, na kwa macho baiskeli inabaki vilevile maana hamna meno yanayoning'inia nyuma. Ila kabla hujalipa hesabu matundu ya spoku. Baiskeli hizi nzito mara nyingi ringi ya mbele ina matundu 32 na ya nyuma 40, wakati habu nyingi za mtumba ni 36. Haziingiliani, na usikubali fundi akakwambia ataruka matundu, gurudumu la hivyo halinyooki likakaa. Uma wa nyuma nao ukiwa mwembamba kwa habu mpya, chuma kinavumilia kutanuliwa kidogo taratibu na fundi anayejua. Fremu ya alumini usithubutu.

Sasa rangi. Mjukuu, hiyo rangi nyeusi iliyochakaa ndo mtaji wako. Baiskeli ya bluu ya kung'aa ataleta kila mtu, lakini nyeusi yenye mistari ya dhahabu iliyofifia, yenye nembo ya yule ndege wa Phoenix bado inaonekana pale mbele, na bomba la juu limechubuka sehemu ileile mzee alipokuwa akipitisha mguu miaka yote, hiyo hainunuliki dukani. Ukishapiga msasa imeondoka. Wenzetu Kenya wanaziita black mamba na sijawahi kusikia mtu akitafuta black mamba ya bluu.

Kwahiyo we safisha tu. Piga picha kwanza kabla hujagusa hata vumbi, weka alama pale uliposimama na pale gurudumu lilipokuwa, maana picha ya mwisho utaipigia hapohapo na watu wanapenda sana kulinganisha. Afu fungua, mafuta ya taa na kitambaa kwenye fremu, mkono mwepesi pale kwenye nembo. Vyuma vya kung'aa, usukani na krenki (ile mikono ya pedeli) na ringi, chukua karatasi ya foili ya jikoni uikunje, ichovye maji, sugua. Kutu inatoka kama uji mweusi na krom haikwaruziki kwa sababu foili ni laini kuliko yenyewe. Futa, kausha, paka nta ya gari. Gololi weka mpya zote pamoja na grisi, cheni mpya, tairi mpya, na hela iliyobaki ya zile gia saba nunua kiti kizuri cha ngozi cha springi. Basi. Ukiipeleka hivyo wewe ndo utakuwa umeunda, wengine wamepaka.

Mambo vipi fundi. Nilimpelekea fundi wa magari fremu yangu ya BMX, ikatoka kali balaa, wiki ya pili rangi inabanduka kwenye foki na pale kiti kinapobana. Tatizo rangi ama fundi? – Dogo wa Mbagala

Poa dogo. Tatizo haraka. Pale kiti kinapobana panabanduka kwa sababu mmefunga siku ya pili, rangi juu imekauka ukigusa lakini chini bado laini, spana ikibana inasukuma rangi pembeni. Iache wiki nzima ikining'inia, ikiwezekana zaidi, najua inauma. Kwenye foki hapo nadhani hamkutoa grisi vizuri, mikono yenyewe ina mafuta, ukishika chuma kilichopigwa msasa umeshaharibu, futa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, halafu usishike tena.

Utaratibu ni ule ule wa gari ila fremu ina kona nyingi ambazo msasa haufiki, pale bomba zinapokutana, na ndo hapohapo rangi inaanza kuachia. Msasa wa 120 kutoa ya zamani, 240 kulainisha, andakoti, 400 wa maji, rangi nyembamba mara nyingi badala ya nene mara moja, halafu klia, ile ya juu inayong'aa isiyo na rangi. Kama fremu ni alumini mwambie fundi kabla, inataka andakoti yake ya kushika, ya chuma haikai. Na Dar wakati wa masika usipige rangi jioni, unyevu unaingia kwenye rangi inayokauka inatoka na ukungu mweupe, subiri asubuhi jua limeshapanda na hakuna wingu.

La mwisho, ziba nyuzi zote kwa selotepu ya karatasi kabla ya kupuliza, ndani ya bomba la krenki na ndani ya bomba la kiti. Nimeletewa fremu nzuri tupu ambayo krenki haiingii. Na ukifungua pedeli kumbuka ya kushoto inafunguliwa kinyume, watu wanazivunja kila siku kwa kulazimisha.

Fundi salaam. Nimeunda singo spidi, ya gia moja tu, kutoka fremu ya mtumba, krimu, kiti na vishikio vya kahawia, naipenda mpaka basi. Nikiipiga picha na simu gurudumu la mbele linatoka kubwa na limevutika, na nikitumia ile ya kufifisha nyuma spoku zinaliwa. Kamera sina. – Dada wa Kisauni, Mombasa

Salaam dada. Simu yatosha, we uko karibu mno tu.

Lenzi ya kawaida ya simu inaona upana mkubwa, kwahiyo kilicho karibu nayo inakikuza na cha pembeni inakivuta. Rudi nyuma, rudi tena, hatua saba nane, afu zoom mara 2. Magurudumu yote mawili yatakuwa duara. Shusha simu ifike usawa wa bomba la juu la fremu au chini kidogo, piga goti kama ni lazima, ukipiga umesimama baiskeli inaonekana fupi na ardhi imejaa picha nzima. Washa ile mistari ya kugawa kioo, mstari wa chini ulale sambamba na magurudumu.

Ile ya kufifisha nyuma zima kabisa. Simu inakisia wapi baiskeli inaishia na kwenye spoku inashindwa, inafuta nyingine na nyingine inaziacha, mtu wa kura akikuza picha anadhani gurudumu lako limevunjika. Ukitaka nyuma pafifie sogeza baiskeli mbali na ukuta, mita kumi hivi, zoom itafanya kazi kidogo yenyewe.

Sasa kuiweka. Upande wa cheni ndo unatazama kamera, siku zote, hapo ndo kazi ilipo. Usukani unyooke. Krenki ya upande wako ielekee mbele ikiwa imelala, sio inaning'inia popote. Zungusha magurudumu valvu zote mbili ziwe chini kabisa, na kama wakati wa kuvalisha tairi ulipanga maandishi yake yakae juu ya valvu basi nayo yatakuwa yamekaa sawa mbele na nyuma. Mtu asiyejua hatajua kwanini picha yako imetulia, anayejua atakupa kura. Stendi ipandishe, tafuta kijiti cha urefu wa goti ukiegemeze kwenye krenki ya upande wa pili kisionekane, au mtu ashike, aachie, ubonyeze, adake. Huyo mtu awe unayemwamini.

Mandhari: nyie Mombasa mna kuta nzuri mpaka mnajisumbua. Krimu dhidi ya ukuta wa Fort Jesus wenye ile rangi ya udongo itazama, na milango ya nakshi ya Mji wa Kale ni mizuri kuliko baiskeli yoyote, watu wataangalia mlango. Tafuta ukuta mtupu wa rangi nzito, kijani au bluu iliyopauka, hata mabati ya duka lililofungwa. Saa sita mchana usijaribu, jua liko utosini, kiti kinatupa kivuli chini na krimu yote inageuka nyeupe. Saa 11 na nusu jioni ndo yako, au mchana kwenye kivuli cha jengo kirefu ambapo mwanga ni sawa kila mahali. Gusa kwenye fremu pale kwenye kioo halafu shusha mwanga kidogo mpaka krimu irudi. Na kabla hujabonyeza angalia kengele, inang'aa, utajikuta umo ndani umevaa dera la njano. Vaa nguo ya giza siku hiyo.

Na ufuoni kwenye mchanga wa maji najua unapatamani. Picha itatoka. Cheni pia itatoka, na chumvi ndani.

Fundi heshima yako. Mi nafanya daladala ya baiskeli hapa Shinyanga, baiskeli yangu ina vioo vinne, maua kwenye spoku, madoido ya plastiki usukani na bango nyuma limeandikwa. Nataka niweke na taa ndogo za LED kwa dinamo. Vijana wananicheka ushamba, wanasema kwenye mashindano wanataka baiskeli safi. – Mzee wa Vioo

Heshima kwako zaidi mzee. Waambie hao vijana kwamba hiyo yao "safi" ni mtindo mmoja tu, na huu wako una wenyewe tangu zamani, baiskeli za kazi huku kwetu zimepambwa miaka yote kwa sababu abiria anachagua. Ila kwenye picha mapambo yanagombana. Chagua rangi mbili, maua na madoido yote yafuate hizo, vioo viwe jozi vya urefu sawa. Wala usipunguze kingine. Bango piga picha yake peke yake, karibu, maandishi yasomeke.

LED usiziunge moja kwa moja. Dinamo ya chupa, ile inayosugua tairi, ni volti 6, wati 3, lakini umeme wake unabadilika kwenda na kurudi, na ukikimbia bila mzigo wa kutosha volti zinapanda zinaunguza LED. Fundi redio akuwekee diodi nne za kunyoosha umeme, kapasita, na rezista. Picha yake piga magharibi jua limeshazama ila anga bado bluu, mtu akizungusha gurudumu la dinamo kwa mkono huku limeinuliwa, usingoje giza totoro maana baiskeli itapotea zibaki nukta za taa.

Fundi, je naweza kuazima kiti cha ngozi cha rafiki yangu kwa ajili ya picha tu? – Msomaji, Muscat

Soma masharti. Kama hayakatazi, azima, ila rafiki yako naye akishiriki mtaonekana.